Skrubu Nyekundu za Fundi Mkuu

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni swali moja: je, kijana aliyefundishwa kazi na mzee anaweza kumwambia mzee huyo, mbele ya watu, kwamba kosa ni lake? Niligeuza swali hilo kila upande. Nikinyamaza, Mama Anastasia, mwendesha mashine wetu wa zamu ya mchana, angechukuliwa Jumatatu na watu wa usalama kwa shutuma ya hujuma. Nikisema, shutuma hiyohiyo ingemwangukia Fundi Mkuu. Na kama nimekosea, ningekuwa nimemvunjia heshima mzee bure, na Mama Anastasia angechukuliwa vilevile.

Ili uone kwa nini jambo hilo lilikuwa gumu, lazima nieleze Fundi Mkuu alikuwa mtu wa namna gani. Alikozaliwa na ukoo wake sivijui vizuri, wala hakupenda kuulizwa. Mimi nilimjua kwa masikio yake, kwa chakula chake, na kwa skrubu zake.

Nianze na skrubu. Kitu chochote alichokifunga kwa mkono wake, awe amefunga kifuniko cha mota au mlango wa kabati la umeme, alikipaka tone la rangi nyekundu kwenye kichwa cha skrubu. Tone hilo lilikuwa sahihi yake. Maana yake: hapa nimepita mimi, pazima. Katika karakana yetu ya Masasi hapakuwa na sheria iliyobandikwa ukutani kuhusu tone hilo, lakini kila mtu aliijua. Skrubu nyekundu haifunguliwi na mwingine. Ukitaka kuifungua, unamsubiri aje aifungue mwenyewe. Jenereta ilipozima siku moja wakati yeye yuko msibani, mafundi walikaa kimya kwenye vivuli mpaka aliporudi jioni, ingawa nusu yao walijua tatizo liko wapi. Aliporudi hakuwashukuru. Aliona ni kawaida.

Karakana ilikuwa mali ya umma, na kazi yake kubwa ilikuwa kutengeneza vipuri vya pampu zilizopandisha maji kwenye uwanda wa Makonde. Juu kule Newala hakuna mto wala chemchemi. Pampu zikisimama, akina mama hushuka mteremko mpaka visima vya bondeni, kisha huupanda tena na ndoo kichwani. Fundi Mkuu mwenyewe kwake kulikuwa Mkunya, huko huko juu. Kwa hiyo bushi mbovu, ile pete ya chuma ya ndani ya pampu, ikitoka kwenye karakana yake, mkewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuilipia kwa shingo.

Masikio yake sasa. Alikuwa na mwiko wa ugali ambao haukuwahi kugusa ugali. Aliuweka ncha kwenye mota inayozunguka na mpini kwenye sikio, akafumba macho. Alisema bearing, ile pete ya gololi, ikianza kuchoka hulia kabla haijavunjika, ila inalia kwa sauti ya kujificha. Hakuruhusu mtu yeyote kupiga mluzi ndani ya karakana. Siku moja dereva wa lori alipiga mluzi akisubiri kupakia mzigo, na Fundi Mkuu akamwambia kwa upole kabisa, "Baba, kuna mgonjwa anapimwa humu." Dereva akavua kofia, akauliza mgonjwa ni nani.

Chakula chake kilikuwa ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, iliyofungwa kwenye kitambaa. Siku niliyoripoti kazini, nikiwa na shahada ambayo wino wake ulikuwa bado haujanikauka kichwani, nilimkuta anamenya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe injinia?"

"Ndiyo, mzee."

Alinitazama kuanzia viatu. "Afadhali. Aliyepita alikuwa mnene. Mnene hakai hapa, ming'oko haimtoshi."

Akanipa mota iliyokuwa juu ya meza, akaniambia nitafute ubovu wake. Nilifanya kazi hiyo asubuhi nzima kwa jasho. Nilisema kaboni zake zimekwisha kidogo, waya wa ndani hauko sawasawa, na bearing ya nyuma ina mashaka.

"Yote hayo?"

"Yote, mzee."

"Mota hii nimeitoa kwenye boksi leo. Mpya."

Mwanamke aliyesimama kwenye mashine kubwa, mwenye chale usoni na kitenge kilichofungwa juu ya suruali ya kazi, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu," akasema, "umemtibu mzima mpaka umemzika." Huyo ndiye Mama Anastasia. Fundi Mkuu hakucheka. Aliniambia, "Wewe hukuwa unatafuta ubovu. Ulikuwa unatafuta la kuniambia." Nimekuwa nikilifikiria neno hilo tangu siku ile, pengine kupita kiasi.

Mama Anastasia alikuwa amevuka Ruvuma na mtoto mgongoni, akikimbia vita vya Wareno. Fundi Mkuu ndiye aliyemleta kazini. Mafundi walinung'unika: mwanamke, tena mkimbizi, tena na chale zile. Akawajibu kwamba mashine inasoma utepe, haisomi uso. Akamfundisha mwenyewe, kwa miezi, kwa lugha yao ya Kimakonde, na yeye akawa anamwita nang'olo, yaani mzee, kwa sauti ya binti anayemtania babake. Kila Ijumaa alimletea mboga ya majani ya kunde kwenye bakuli lenye kifuniko. Sikuwahi kumwona Fundi Mkuu akila chakula cha mtu mwingine kazini.

Mashine yenyewe Fundi Mkuu aliiita Mgeni. Ilikuja kama msaada kutoka ng'ambo, mashine ya kukereza chuma isiyoongozwa na mkono. Unaitia utepe wa karatasi wenye matundu, nayo inasoma matundu na kukata. Ilikuwa na mihimili miwili. Mmoja ulipeleka kisu kufuata urefu wa chuma, mwingine ulikiingiza na kukitoa. Kila mhimili ulisukumwa na mota yake, ya aina inayoitwa servo. Mota hiyo haiendi kwa kubahatisha. Nyuma yake kuna kidude kinachozunguka pamoja nayo na kurudisha habari kwenye kabati la umeme: sasa naenda kasi hii, sasa nimesimama. Habari hizo hupita kwenye kebo. Zikikatika, kabati hudhani mota imelala, nalo huiongezea umeme. Hapo kisu hukimbia kama mbuzi aliyekata kamba.

Kuhusu kebo hiyo Fundi Mkuu alikuwa na hadithi aliyopenda kuwasimulia wageni, na ni hadithi pekee niliyowahi kumsikia akijisifu. Kebo ya kwanza, iliyowekwa na wataalamu wa ng'ambo, ililiwa na mchwa. Wataalamu walikuwa wameshaondoka. Basi yeye akaleta kebo nyingine, akaenda kiwanda cha korosho akapata debe la mafuta ya maganda, yale meusi yanayochubua ngozi, ambayo watu wa uwandani hupaka kwenye nguzo za nyumba. Akapaka mfereji wa sakafuni, akapaka mbao za kuufunika, akaipaka na kebo yenyewe. Kisha akafunga mbao kwa skrubu na kuzitia rangi nyekundu. "Wazungu walileta mashine," alikuwa akimalizia, akigonga mbao kwa kisigino, "lakini mchwa ni wa hapa. Dawa yake pia ni ya hapa." Wageni walicheka, na mimi nilicheka nao. Ilikuwa hadithi nzuri.

Uwezo wake wa kutafuta hitilafu ulitokana na kanuni moja: badilisha kimoja tu, kisha subiri. Hakuna kubadilisha viwili kwa pamoja, hakuna kubahatisha. Mhimili mmoja ukileta shida, hamishia mota yake upande wa pili. Shida ikihama nayo, mota ni mbovu. Ikibaki, mota nzima, nenda kwenye kinachofuata. Alikuwa na subira ya ajabu katika hilo. Mimi ningekuwa nimeshafikiria sababu ishirini, zote zinaogofya, naye angekuwa bado kwenye ya kwanza, akila ming'oko.

Lakini mtu huyo huyo aliyekataa kubahatisha hakukubali kazi yake ikaguliwe. Nilipomwuliza, mwanzoni kabisa, kama hatungefungua kifuniko fulani chenye tone jekundu, alinijibu, "Hapo nimefunga mimi," kama mtu anayesema kesho ni Jumanne. Nikaacha. Wote tuliacha.

Mwezi ule wa shida, Mgeni alianza kukimbia. Kisu kilichumpa, kikaruka mbele ghafla, mara kadhaa na kuharibu chuma, na siku zote ilikuwa mchana. Safari moja hakikuchumpa, kilishtuka kidogo tu, na bushi ikatoka ikiwa na upana usio sahihi bila mtu kuona. Ikafungwa kwenye pampu. Pampu ikakwama na kusimama, na mabomba ya Newala yakakauka.

Wakati huo ndege za Wareno zilikuwa zimesikika tena upande wa Ruvuma, na kila mkutano wa kijiji ulikuwa na onyo kuhusu wapelelezi. Akaja bwana mmoja wa usalama, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Aliuliza maswali mafupi. Zamu ya nani? Na mara ile nyingine, zamu ya nani? Anatoka wapi?

Fundi Mkuu akaomba apewe nafasi ya kutafuta kwanza. Akabadilisha mota, akasubiri. Shida ikabaki palepale. Akabadilisha kidude cha nyuma, akasubiri. Akahamisha kadi za kabati kutoka mhimili huu kwenda ule. Ikabaki. Kebo aliipima asubuhi na mapema, kabla jenereta haijawashwa, kwa kushika ncha zake mbili tu, na ikasoma vizuri. Ijumaa akatuita.

"Kabati zima," akasema. "Mota nzima. Kidude kizima. Kebo nimeilaza mwenyewe na nimeipima mwenyewe." Akafuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Kilichobaki ni mkono."

Mama Anastasia alizima taa ya mashine. "Mkono upi, nang'olo?"

"Sijamtaja mtu."

"Mchana hapa kuna mikono miwili tu. Yote yangu."

Bwana wa usalama alisema atarudi Jumatatu na gari. Bakuli la kunde lilikaa mezani mpaka jioni na kifuniko chake. Mama Anastasia alipoondoka alilibeba, akanipita mlangoni na kuniambia, "Msomi, kula wewe basi. Au na wewe unaogopa mkono?" Nilikula nikiwa nimesimama. Sikusikia ladha yoyote.

Sikudhani Fundi Mkuu alikuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililonitesa. Aliifuata kanuni yake kwa uaminifu mpaka ikamfikisha kwa mtu aliyempenda, naye hakugeuka. Ila aliruka mahali pamoja.

Niligundua pale nilipoiona ndala yangu. Mwenye nyumba wangu alikuwa amepaka nguzo za baraza mafuta ya maganda wiki iliyopita, na mimi niliegesha ndala kwenye nguzo bila kufikiri. Jumamosi nilipoichukua, mkanda wa mpira ulivutika kama ulimbo na kubaki kwenye vidole vyangu. Niliitazama. Halafu nikakumbuka harufu ya karakana saa nane mchana, mabati yanapowaka na sakafu inapopata joto. Ilikuwa harufu hiyohiyo.

Mpira wa kebo uliolainishwa taratibu na mafuta hayo, asubuhi ukiwa baridi, hushika umbo lake na kipimo husoma vizuri. Mchana ukipata joto, waya za ndani hukaribiana na kugusana. Habari hukatika, kisu hukimbia. Na zamu ya mchana ilikuwa ya Mama Anastasia kwa sababu asubuhi alikuwa na shamba.

Au labda sivyo. Ndala ni mpira wa bei rahisi, kebo ni mpira wa namna nyingine. Nilikuwa mtu yuleyule aliyepata magonjwa matatu kwenye mota mpya. Huenda nilikuwa natafuta la kusema tena. Nilirudi kwenye mawazo hayo, nikazunguka, nikarudi.

Jumapili nilipanda lori hadi Mkunya. Nilimkuta Fundi Mkuu uani kwake, peke yake, anaziba tundu la ndoo. Mkewe alikuwa ameteremka bondeni kutafuta maji tangu alfajiri. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Maji ya kunywa hakunikaribisha, na nilijua kwa nini.

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, kwa kurudiarudia. Kisha nikaitoa ndala kwenye mfuko na kuiweka mbele yake.

Aliiminya kwa kidole gumba. Alama ya kidole ikabaki.

"Nani mwingine umemwambia?"

"Hakuna, mzee."

"Una hakika?"

"Sina."

"Ndala si kebo."

"Najua, mzee."

"Kebo niliipima."

"Uliipima asubuhi, ikiwa baridi."

Alichukua nyundo, akagonga ndoo mara moja, akaiweka chini. Kutoka njiani zilisikika sauti za wanawake waliokuwa wanapanda mteremko, wakisimama kupumzika, mmoja akimtania mwenzake kwamba shingo yake itaota mizizi. Nilitaka aseme lolote. Kwamba nimekosea. Kwamba nimemtukana. Ningefarijika na lolote kati ya hayo.

"Nenda," akasema. "Lori litakuacha."

Njiani kurudi Masasi nilitengeneza sababu za kunyamaza, na zote zilikuwa nzuri. Mimi ni mgeni. Yeye amekwisha kujua, kwa hiyo jukumu limehama, ni lake. Labda atafungua mwenyewe kabla ya gari kufika. Labda watamhoji tu Mama Anastasia na kumwachia. Kila sababu ilinipa nafuu ya muda mfupi, mpaka nikakumbuka mafundi waliokaa kwenye vivuli siku ya jenereta, wanajua, wanasubiri.

Jumatatu nilifika mapema. Gari la bwana wa usalama lilikuwa limeshaegeshwa. Mama Anastasia alikuwa amekaa kwenye benchi, amevaa nguo zake za kanisani, na kikapu kidogo kando ya miguu. Binti yake hakuwepo. Alikuwa amempeleka kwa jirani. Mafundi walijipanga ukutani kama kwenye mazishi.

Fundi Mkuu alikuwa amesimama katikati ya karakana. Alikuwa amesimama juu ya mbao za mfereji. Buti zake mbili zilikuwa juu ya skrubu nyekundu.

Mpaka leo sijui alikuwa anazilinda au ananisubiri.

"Mama, twende," bwana wa usalama akasema, bila ukali.

Mama Anastasia akasimama. Alichukua kikapu, akamtazama mzee. "Kwaheri, nang'olo. Bakuli langu analo msomi, umdai."

Nilikuwa na bisibisi mfukoni. Nilikuwa nimeitia tangu usiku, nikijiambia ni kwa tahadhari tu. Nilitembea mpaka mbele ya Fundi Mkuu. Kichwani nilikuwa na sentensi ndefu, yenye samahani nyingi, ambayo nilikuwa nimeipanga tangu Mkunya. Haikutoka.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Naomba usogeze miguu."

Mtu wa kuja, kijana wa mwaka mmoja kazini, alikuwa amemwambia Fundi Mkuu asogee kutoka kwenye kazi yake mwenyewe. Nilisikia masikio yangu yakiwaka. Bwana wa usalama aligeuka mlangoni, na Mama Anastasia akasimama naye.

Fundi Mkuu aliangalia chini, kwenye buti zake, kama mtu aliyeonyeshwa kitu kilichoanguka.

"Marahaba," akasema. Halafu akauliza, "Unabadilisha kimoja tu?"

"Kimoja tu, mzee. Natoa kebo hii, naweka waya mpya juu ya sakafu. Kisha tunasubiri mchana."

"Hapa hapa, na yeye akiwa kwenye mashine."

"Ndiyo, mzee. Mama Anastasia akiwa kwenye mashine."

Alimgeukia bwana wa usalama. Sauti yake haikupanda. "Bwana, kaa kwenye benchi. Kebo hii niliilaza mimi na kuipaka mafuta mimi. Mchana ukifika utajua wa kumchukua."

Kisha akanyanyua mguu wa kulia, akanyanyua na wa kushoto, akasimama kwenye saruji tupu.

"Anza upande wa kabati," akaniambia. "Huko ndiko nilikopaka sana."

Nikapiga magoti, nikaiweka bisibisi juu ya tone jekundu la kwanza, nikazungusha.